Usianze na mche, anza na uwa wako

(Haya ni maongezi yangu kwenye kikao cha wakazi wa mtaa wetu hapa Dar es Salaam. Wengi mliomba niyaandike kwa hiyo nimeandika kama nilivyoongea, na maswali ya katikati nimeyaacha humohumo.)

Ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mjumbe wetu, wazee wangu shikamooni, akina mama, vijana wenzangu, habari za jioni. Nimeambiwa nina nusu saa na baada yangu kuna suala la taka na ulinzi shirikishi, ambalo najua ndo limewaleta wengi hapa, kwa hiyo sitazunguka. Nimeombwa niongelee matunda madogomadogo, stroberi na jamii zake, kuyapanda nyumbani kwa mtu ambaye hana shamba, ana kibaraza tu au kauwa kadogo na ndoo mbili tatu za rangi zilizoisha. Mimi kazi yangu kuuza miche mnaijua, mnapita pale kibandani kila siku, na nitakachosema leo kinaweza kunipunguzia mauzo, potelea mbali.

Nataka niwaambie msinunue mche kwanza.

Watu wanakuja kwangu na picha kwenye simu, bonge la ndoo limejaa stroberi nyekundu zinaning'inia pembeni, dada anatabasamu, anasema nataka kama hii. Namuuliza dada unakaa wapi, anasema Sinza, ghorofa ya pili. Balkoni yako inatazama wapi? Hajui. Maji unatumia ya nini? Ya kisima. Chumvi ipo? Kidogo. Basi hapo mimi ninaweza kumuuzia mche akaenda zake na tukaachana kwa furaha, na baada ya mwezi mche umekufa, anasema hana mkono wa kupanda. Mkono anao. Hajaangalia uwa wake tu. Ukishaujua uwa wako, jua lake na maji yake, tunda litakalokufaa linajichagua lenyewe.

Tuanze na jua. Tunda ni sukari na sukari inatengenezwa na jua, hakuna njia ya mkato hapo, mmea wa matunda unataka jua la moja kwa moja si chini ya masaa sita kwa siku. Mchicha utavumilia kivuli cha ukuta, tunda halivumilii, litakupa majani tu. Sasa siku ambayo upo nyumbani chukua chaki, saa tatu asubuhi toka nje weka alama pale jua linapopiga, saa sita weka tena, saa tisa weka tena. Pale ambapo alama zote tatu zimekutana ndo pa kuweka ndoo. Kwa nyumba zetu hizi zilizobanana utashangaa sehemu yenyewe ni ndogo kiasi gani, na mara nyingi ndo pale pale mnapoanika nguo, kwa hiyo hilo mkalizungumze na mama watoto mapema.

Alafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Jua linahama. Dar tuko kama digrii saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita jua la mchana linapita upande wa kaskazini na mwezi wa kumi na mbili linapita upande wa kusini. Mtu ana balkoni inayotazama kusini, Disemba inawaka jua safi kabisa, anapanda kwa mbwembwe, ikifika Mei, Juni balkoni ni kivuli kutwa nzima, mmea unarefuka shingo unatafuta mwanga, maua hakuna, anakuja kwangu kulalamika mche mbovu. Mche mzima, jua ndo limeondoka. Na wewe usiyejua kaskazini ni wapi usihangaike na dira, angalia msikiti wa mtaani umeelekea wapi, kibla kwa hapa Dar ni karibu kabisa na kaskazini. Ukuta unaotazama huko ndo una jua la kipupwe, na msisahau hilo maana kipupwe ndo msimu nitakaoutaja tukifika kwenye stroberi.

Maji sasa. Visima vingi vya huku kwetu, hasa vya karibu na bahari, vina chumvi, hilo halihitaji mtaalamu, ukichemsha chai unaijua. Mnazi unaweza kuvumilia, stroberi haivumilii hata kidogo, ni katika mimea inayoogopa chumvi kuliko karibu kila kitu mnachokijua bustanini. Dalili yake ni hii, kingo za majani zinakuwa kahawia na kukauka kuanzia nje kuja ndani, mtu anadhani ni kiu anaongeza maji, yale yale ya chumvi, anaumaliza. Kama juu ya udongo wa ndoo yako kuna ukoko mweupe basi ndo hiyo chumvi imebaki maji yamekauka.

Dawa yake ni maji ya mvua, kinga wakati wa masika na vuli, au yale ya bombani kama kwenu yanatoka. Na kuna maji mengine mnayamwaga kila siku, maji yanayodondoka kwenye paipu ya AC. Yale ni mvuke wa hewani umepoa ukawa maji, chumvi hayana. Ofisi na maduka yenye AC yanadondosha ndoo nzima kwa siku nyuma ya jengo na hakuna anayeyataka. Omba mlinzi akuwekee dumu, ukitoka kazini unachukua. Ni ya kumwagilia tu, sio ya kunywa, tafadhali.

Haya, stroberi. Najua ndo mliyoijia.

Stroberi ni tunda la watu wa baridi. Lushoto, Njombe, Mbeya huko inajisikia nyumbani. Ulaya na Marekani stroberi nyingi zinasubiri mchana ufupike ndo zitengeneze maua, kwetu mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima kwa hiyo urefu wa siku sio tatizo letu kabisa, tatizo ni joto. Usiku wa Januari hapa Dar joto lipo kwenye 25 huko na mchana ni zaidi ya 30, mmea unaishi lakini maua hautengenezi, unatoa vikamba tu vinavyotambaa. Mwezi wa saba usiku unashuka mpaka kama 18, 19, hapo kidogo unapumua. Kwa hiyo anayetaka stroberi Dar aichukulie kama zao la kipupwe, panda mwishoni mwa masika, Mei hivi, mche ulioshika vizuri kutoka milimani, ule matunda Julai mpaka Septemba, na ikifika Desemba ukifa usilie msiba. Na ni matunda ya kuonja na watoto hayo, ndoo mbili haziwezi kulisha familia.

Mbegu msinunue. Hapa naongea kwa uchungu kidogo kwa sababu kuna watu wanauza kwenye mitandao vipakti vya mbegu za stroberi za bluu, za nyeusi, za rangi ya upinde wa mvua. Stroberi ya bluu haipo duniani, ile ni picha imepakwa rangi kwenye kompyuta. Na hata hiyo nyekundu ya kawaida mbegu yake haitoi mtoto anayefanana na mama, kwa sababu stroberi tunayokula ni chotara. Stori yake nzuri, mnivumilie kidogo. Kulikuwa na Mfaransa anaitwa Frézier, mhandisi wa jeshi, mfalme wao akamtuma Amerika ya Kusini kupeleleza ngome za Wahispania, akajifanya mfanyabiashara, kule Chile akaona stroberi za matunda makubwa ajabu akarudi na miche yake Ufaransa mwaka 1714. Ikapandwa, ikastawi, ikakataa kuzaa. Kumbe miche yote aliyobeba ilikuwa majike. Mpaka walipoipanda karibu na stroberi nyingine ndogo iliyotoka Virginia huko Amerika ya Kaskazini ndo ikapata mchumba, na watoto wa hao wawili ndo stroberi zote za sokoni leo. Kwa hiyo wanaopanda hawatumii mbegu, wanatumia vile vikamba, kila kikamba kinatoa kijimche mbele yake, unakiegemeza kwenye kikopo cha udongo, kikishika mizizi unakata kamba.

Kupanda kwenyewe kuna kitu kimoja tu cha kuzingatia. Ukishika mche wa stroberi utaona majani yote yanatoka sehemu moja, kijishina kifupi kinene, chini yake mizizi. Tuite moyo wa mche. Udongo uishie katikati ya huo moyo. Ukiufukia wote unaoza ndani ya wiki, ukiuacha juu sana mizizi inakauka. Ukimaliza kupanda mwagilia, alafu angalia tena, kwa sababu udongo unashuka ukishalowa na moyo unaweza ukawa umefukiwa bila wewe kujua. Ndoo ya lita 20 miche mitatu inatosha, minne ukiwa mbishi, mizizi yake ni ya juujuu haihitaji kina. Ndoo nyeusi au ya rangi nzito usiiweke juani wazi, inachemsha mizizi, ipake chokaa au ivishe gunia. Chini toboa matundu, sio moja, saba nane.

(Swali la mama mmoja nyuma: udongo gani?) Mama, udongo wa Dar mwingi ni mchanga mtupu, maji yanapita tu. Mimi nachanganya udongo wa juu, samadi ya ng'ombe iliyoiva kabisa na makumbi ya nazi, kwa kukadiria kila kimoja theluthi moja. Makumbi tunayo bwelele, pale wanapofua nazi wanayachoma moto. Yachanechane, yaloweke kwenye pipa, mwaga maji, loweka tena, mwaga tena, mpaka maji yatoke yamefifia rangi, maana makumbi nayo yana chumvi yake na kama yamelowekwa baharini ndo usiseme. Ukishayaosha yanashika maji vizuri na pia ndoo inakuwa nyepesi, hilo ni muhimu kwa wa ghorofani, ndoo ya lita 20 yenye udongo mtupu uliolowa inafika kilo 25, 30, sasa weka ndoo kumi kwenye kijibalkoni cha fundi wa kubahatisha uone. Mchanga wa beach marufuku. Samadi ya kuku mbichi marufuku, inaunguza. Na urea usiwape mimea ya matunda kila wiki kama mnavyoupa mchicha, utapata majani ya kupendeza sana na tunda hutaliona.

Nimemaliza stroberi, na kwa kweli kama mtu ana ndoo moja tu na hela ya mche mmoja, mimi Dar hii simshauri stroberi. Namshauri pasheni.

Pasheni ya njano, sio ya zambarau. Ile ya zambarau ni ya milimani, ukiipanda huku inakua lakini kuzaa ni kwa kubembeleza. Ya njano ndo mtoto wa pwani, joto ndo chakula chake. Na mche huhitaji kununua, nenda sokoni chukua matunda ya njano yaliyoiva, kwa wauzaji wawili tofauti, hiyo ya wawili tofauti ishikeni nitaieleza. Kunywa juisi, mbegu osha uteute utoke, anika kivulini siku moja mbili, panda zikiwa bado mbichimbichi, wiki mbili tatu zimeota. Hii sio ya ndoo ya lita 20, inataka chombo kikubwa, pipa la lita 200 lililokatwa nusu au gunia lile la kilo mia lisimame kwenye kona. Mwili wake uko juu, unapanda kwenye waya, kwenye kichanja, kwenye fensi, kwa hiyo ardhi unayohitaji ni ya kuweka pipa tu na kilichobaki ni hewa, ambayo mwenye nyumba hajaanza kuitoza kodi. Kichanja juu ya kibaraza kinakupa na kivuli.

Sasa malalamiko ninayoyasikia kila mwaka, pasheni yangu inatoa maua mengi mazuri na yote yanadondoka. Sikilizeni vizuri hapa. Pasheni ya njano haijizalishi yenyewe. Unga wa ua lake hauwezi kupandisha ua lake, wala ua lingine la mche huohuo, wala la mche uliokatwa kutoka kwake, maana huo ni yeye mwenyewe. Inataka unga wa mche mwingine kabisa, uliotoka kwenye mbegu nyingine. Ndo maana nikasema wauzaji wawili. Kama nafasi ni ya mche mmoja tu basi ongea na jirani, wewe panda wa kwako yeye apande wa kwake kwenye ukuta huohuo wa kati, mtazaa wote. Akikataa, basi kaombe ua moja kwa mtu wa mtaa wa pili.

Na unga wake ni mzito wa kunatanata, upepo haubebi. Kazi hiyo kwa kawaida inafanywa na yale manyuki makubwa meusi yanayovuma kwa sauti nzito na kutoboa mbao za paa, nyuki mdogo wa asali anaweza kuiba unga akaondoka bila kugusa panapotakiwa. Watu wanayaua yale manyuki kwa dawa ya kupuliza, jamani yaacheni, ukiweza funga gogo kavu laini pembeni ya kichanja yatoboe humo yaache paa lako.

Kama hayapo, unafanya mwenyewe kwa mkono. Nimekuja na ua hapa, sogeeni. Hili limefunguka leo mchana, pasheni ya njano inafungua mchana kuanzia kwenye saa sita hivi na inabaki wazi mpaka usiku umeingia, kwa hiyo hata ukitoka kazini saa kumi na moja unaikuta. Angalieni katikati. Hivi vitano vya chini vilivyolala ndo vyenye unga, ona kidole changu kimekuwa cha njano. Hivi vitatu vya juu vyenye vichwa kama misumari ndo sehemu ya kike. Ua likifunguka tu hivi vitatu vinakuwa vimesimama wima, alafu taratibu ndani ya kama saa moja vinainama kuja chini usawa wa unga, na hapo ndo nyuki mkubwa akipita mgongo wake unavigusa. Wewe subiri viiname. Chukua unga wa ua la mche wa kwanza kwa ncha ya kidole au pamba ya masikio, pakaza kwenye vichwa vyote vitatu vya ua la mche wa pili, polepole usivunje. Basi. Mvua ikinyesha muda huohuo kazi imepotea, unga wake ukilowa unapasuka. Ua lililoshika kesho yake linafunga na nyuma yake kitu cha kijani kinaanza kuvimba, ambalo halikushika linadondoka na kikonyo chake. Miezi miwili au miwili na nusu baadaye tunda linageuka njano na kuanguka lenyewe, usilichume, subiri lianguke, ndo limejaa.

(Swali: inaishi muda gani?) Miaka mitatu, minne, ikianza kuchoka na majani kukunjamana ng'oa panda mpya mahali pengine, kwenye udongo mwingine. Usimwonee huruma mzee wa pasheni.

La pili kwa Dar, na hili ndo nalipenda mimi binafsi kuliko yote, ni forosadi. Wengine mnaita malberi. Watu wanaijua kama mti, kwa hiyo wanaogopa, wanasema mti mkubwa nitauweka wapi. Ukiuachia ni mti kweli, tena ukipandwa ardhini mizizi yake ni mikorofi, usiuweke karibu na chemba ya maji taka wala msingi wa nyumba. Ila ndani ya pipa lililokatwa, ukiupunguza matawi kila mara, unabaki kimo cha mtu na unazaa kila mwaka zaidi ya mara moja. Siri ni kwamba forosadi inazaa kwenye tawi jipya. Ukikata matawi yaliyomaliza kuzaa ukabakiza mikono mifupi, ukanyofoa na majani yaliyobaki, ukamwagilia na kuweka mkono mmoja mmoja wa samadi, inachipua kila mahali na vichipukizi vinatoka na matunda yake madogo ya kijani tayari. Miezi miwili mitatu unakula. Ukiwa na mapipa mawili unakata moja sasa, lingine baada ya mwezi na nusu, hukai bila.

Tunda linaanza kijani, linakuja jekundu, linaishia jeusi. Watoto wanachuma jekundu wanakunja uso wanasema chungu. Jeusi, tena lile ukiligusa tu linakuja mkononi lenyewe, hilo ndo lenyewe. Halidumu, ndo maana sokoni hulioni, limechumwa asubuhi jioni limelainika, kwa hiyo anayekula forosadi nzuri ni mwenye nao uani. Na linachafua, nguo nyeupe za shule ziwe mbali, hili naomba mkalizungumze pia na mama watoto.

Adui wa forosadi hapa mjini ni kunguru. Hawa kunguru wa shingo ya kijivu sio wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 eti wasaidie kula takataka, wakavuka huku, na takataka bado zipo na kunguru wapo. Hawasubiri tunda liwe jeusi. Chandarua kilichochakaa, kile ambacho kimeshatoboka hakifai tena kitandani, funika tawi lenye matunda funga kwa kamba chini, inatosha. Ukiona vidudu vyeupe vya unga vimejazana kwenye vikonyo angalia kama sisimizi wanapanda shinani, wanavifuga wale. Sugua kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani, paka grisi kwenye mdomo wa pipa sisimizi wasipite. Dawa kali za dukani kwenye tunda ambalo mtoto analichuma na kutia mdomoni papo hapo mimi siziuzi.

Haraka haraka, mengine mnayoniuliza. Zabibu, inawezekana kuifanya kichanja, lakini Dodoma inazaa vizuri kwa sababu kukavu, hapa unyevu wetu unaleta ubwiri, yaani ukungu, kwenye majani kila masika, utakuwa na kivuli kizuri na vishada vya kuhesabu. Blueberry, hapana. Inataka udongo wa tindikali kali, pH (kile kipimo cha tindikali) ya 4.5 mpaka 5.5, tena hata Wamarekani wenyewe ambao ni tunda la porini kwao waliishindwa bustanini mpaka mtaalamu wao Frederick Coville alipogundua suala la udongo huo, na mavuno ya kwanza ya kuuza yakatoka New Jersey mwaka 1916. Ukipata mtu anakuuzia mche wa blueberry wa kupanda kwenye udongo wa kawaida hapa Dar, mwambie akupandie yeye kwake kwanza, zikizaa utanunua.

Mwenyekiti ananionyesha saa, namalizia. Visahani vya chini ya ndoo. Msiviache na maji. Tulikuwa na dengue hapa Dar mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anazaliana kwenye maji masafi yaliyotuama kwenye vitu vidogovidogo hivyohivyo. Mwaga kila siku mbili tatu au weka mchanga ndani ya kisahani ujae, maji yanakuwepo mbu hana pa kuogelea. Na mapipa ya mvua yafunikwe. Mjumbe akipita kukagua asikute bustani yenu ndo chanzo cha homa.

(Swali la mwisho, kijana mmoja: mwenye nyumba akikataa?) Ndo maana nimeongea ndoo na mapipa tu leo, kitu cha kwenye ndoo ni samani yako, mkataba ukiisha unabeba. Kichanja cha pasheni ndo muombe kabla, maana kinagusa ukuta wake na bati lake, na ukienda kuomba mwambie matunda mtagawana. Wengi wanalainika hapo.

Pale mlangoni kuna ndoo ya bluu, ndani kuna vijiti vya forosadi nimekata asubuhi, bure, kila nyumba mbili. Kila kijiti kina macho manne matano. Upande niliokata mshazari ndo unaingia ardhini, uliokatwa mraba unabaki juu, msigeuze. Zamisha kama theluthi mbili, macho mawili yabaki nje, weka kivulini, udongo usikauke na usitote, kama wiki tatu nne utaona kimechipua lakini usikivute kuangalia mizizi, kiache mpaka kiwe na majani manne hivi ndo uhamishie juani. Anayekaa ghorofani achukue kile kifupi. Karibu mwenyekiti, taka.